Rafa Benítez au Unai Emery: kocha anayeanza amsome nani?

Desemba 18, 2010, Abu Dhabi. TP Mazembe ya Lubumbashi inaingia uwanjani kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Imeshaitoa Pachuca ya Mexico, imeitoa Internacional ya Brazil 2-0, na kipa wake Muteba Kidiaba amesharuka kwa makalio mpaka dunia nzima inamjua. Usiku ule sote tulikuwa Wakongomani. Lakini upande wa pili walikuwa Inter Milan, na Inter hawakuwa na huruma: Pandev dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17, Biabiany akapigilia msumari dakika ya 85. 3-0, mchezo ukaisha.

Siku tano baadaye kocha aliyebeba kombe lile hakuwa na kazi. Rafa Benítez alikaa mbele ya waandishi usiku uleule wa ushindi akawataka mabosi wake wamnunulie wachezaji na wamuunge mkono, la sivyo wazungumze na wakala wake. Wakazungumza naye kweli. Desemba 23 kibarua kikaota nyasi.

Nimefundisha vijana wa chini ya miaka 17 kwa miaka kadhaa, na kila kundi la makocha wapya ninalokutana nalo kwenye kozi za leseni huwa na swali lilelile: nimfuate nani? Wengi wanataja Guardiola. Mimi huwarudisha kwa Wahispania wengine wawili waliojenga maisha yao nje ya nchi yao, Benítez na Unai Emery, kwa sababu ukiwaweka hawa bega kwa bega unapata jibu la jambo ambalo darasani halifundishwi: kocha mzuri hupotezaje kazi, na akishaipoteza anafanya nini.

Guardiola nimemwacha kwa makusudi. Kwa makombe anawazidi wote wawili, sibishani. Ila yeye aliingia kwenye ukocha akiwa tayari jina kubwa Barcelona, na klabu alizofundisha nje, Bayern na Manchester City, zilikuwa na uwezo wa kumpa karibu kila alichoomba. Mtu anayefundisha timu ya mkoa Tanga au Kisumu hana pa kushika kwenye hadithi ile.

Walikotokea

Benítez alizaliwa Madrid mwaka 1960, akakulia kwenye timu za vijana za Real Madrid, akaumia vibaya mwaka 1979 kwenye michezo ya vyuo vikuu huko Mexico. Uchezaji wake ukaishia Parla na Linares, timu ndogo. Emery ni wa Hondarribia, Nchi ya Basque, mwaka 1971. Baba yake kipa, babu yake kipa, na babu huyo ndiye aliyefungwa bao la kwanza kabisa katika historia ya La Liga, mwaka 1929. Mwenyewe alicheza mechi 5 tu za ligi akiwa Real Sociedad, kisha miaka mingi madaraja ya chini.

Hakuna staa hapo. Tofauti inaanzia kwenye hatua za kwanza. Emery alikuwa mchezaji majeruhi wa Lorca, Desemba 2004, walipomwomba aichukue timu. Akaipandisha daraja msimu huohuo, akaenda Almería akaipandisha nayo hadi La Liga. Benítez alianza vibaya: Valladolid walimtimua, Osasuna wakamtimua baada ya mechi 9. Aliipandisha Extremadura, ikashuka tena, naye akachukua mwaka mzima bila kazi akaenda Uingereza na Italia kuangalia wengine wanavyofundisha. Mwaka ule naupenda kuliko makombe yake mengi. Ukifukuzwa kazi mwanzoni na ukadhani ukocha si wako, msome Benítez wa kabla ya 2001.

Wote wawili wakapita Valencia. Benítez alichukua ubingwa wa Hispania mwaka 2002, wa kwanza kwa klabu ile baada ya miaka 31, akauchukua tena 2004 pamoja na Kombe la UEFA. Emery, miaka michache baadaye, alimaliza wa tatu mara tatu mfululizo, nyuma ya Barcelona na Real Madrid. Ukiangalia kabati la makombe, hakuna mjadala. Lakini Emery wachezaji wake walikuwa wanauzwa huku akiendelea na kazi: David Villa na David Silva mwaka 2010, Juan Mata mwaka 2011. Kubaki wa tatu wakati kila kiangazi nguzo inang'olewa ni kazi, hata kama mashabiki wa Valencia hawakumpa heshima yake.

Nani anasajili?

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa sababu naamini njia zao ziligawanyika hapa na si kwenye mbinu.

Benítez akiwa Valencia alilalamika hadharani kwamba alitarajia sofa, wakamletea taa. Alikuwa anazungumzia usajili. Maneno yale yalichekesha Hispania nzima, na yalikuwa kweli: klabu ilinunua mchezaji asiyemhitaji. Akaondoka 2004 akiwa bingwa. Liverpool, alikokwenda, ikawa vilevile. Wamiliki wa Kimarekani walipoingia 2007 walimwambia ashughulikie kufundisha tu, naye akaenda mbele ya waandishi akarudia sentensi moja kwa kila swali, kwamba yeye kama kawaida yuko makini na kufundisha timu yake. Kila mtu alielewa. Msimu wa 2008-09 alimaliza wa pili kwa pointi 86, akipoteza mechi 2 tu za ligi. Kufika Juni 2010 hakuwepo tena. Kisha Inter, ile ya Abu Dhabi.

Namheshimu sana kwa hilo, maana mara nyingi alikuwa na haki. Lakini kuwa na haki hakulindi ajira. Niliwahi kufanya jambo hilohilo kwa kiwango chetu: timu niliyokuwa nayo ilichelewesha viatu vya vijana miezi miwili, nikalisema kwenye redio ya mtaani baada ya ushindi, nikidhani ushindi ndio wakati mzuri wa kusema. Wiki iliyofuata nilikuwa nyumbani, na viatu bado havijafika. Walioumia ni watoto.

Emery naye alipewa taa badala ya sofa. Arsenal, kiangazi cha 2019, alimtaka Wilfried Zaha, mchezaji aliyekwisha kuizoea ligi ya Uingereza. Klabu ikamnunua Nicolas Pépé kwa pauni milioni 72. Emery akanyamaza, akampanga Pépé, akayaeleza yote hayo baada ya kuondoka. Je, kunyamaza kulimsaidia? Hapana, Novemba 29, 2019 alifukuzwa baada ya kufungwa na Eintracht Frankfurt. Basi kelele na ukimya vyote viliishia mlango uleule. Tofauti ni kwamba Emery aliondoka na somo, akalitumia.

Somo hilo linaonekana Aston Villa. Watanzania tunaijua Villa tangu Januari 2020, Mbwana Samatta alipotua pale akitokea Genk (na kabla ya Genk alikuwa Mazembe, dunia ni ndogo). Emery alifika Novemba 2022, timu ikiwa jirani na mstari wa kushuka. Safari hii aliyatatua mambo ya madaraka kwa utulivu, ndani ya ofisi: watu anaowaamini wakaingia kwenye uongozi wa soka, Damian Vidagany kwanza, kisha Monchi waliyeshinda naye makombe Sevilla. Msimu huo Villa wakamaliza wa 7, uliofuata wa 4, na Aprili 2025 wakawa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakitolewa na PSG kwa jumla ya mabao 5-4.

Kuna mchezaji mmoja anayeonyesha yote haya kwa mwili wake: Lucas Digne, beki wa kushoto. Januari 2022 alikuwa Everton chini ya Benítez, wakakorofishana, akauzwa Villa. Siku chache baadaye Benítez mwenyewe akatimuliwa Everton. Emery alipofika Villa akamkuta Digne yupo, akamfanya sehemu ya timu iliyorudi Ligi ya Mabingwa. Mchezaji ni yuleyule.

Usiku mmoja

Lakini ukiniuliza nani nimkabidhi timu kwa mechi moja, tena tuko nyuma, nitamwita Benítez kabla hujamaliza swali.

Istanbul, Mei 25, 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Liverpool ya Benítez dhidi ya AC Milan. Milan ya Maldini, Pirlo, Kaká, Shevchenko na Crespo inaongoza 3-0 wakati wa mapumziko. Maldini alifunga dakika ya kwanza tu, Crespo akaongeza mawili. Mimi niliangalia kwenye kibanda umiza kilichojaa mpaka mlangoni, na nusu ya watu walitoka wakaenda kulala. Kule vyumbani Benítez alikuwa na dakika 15. Aliamua kumtoa Traoré, Traoré akaanza kuvua viatu. Akaambiwa Finnan ana maumivu, akabadilisha: Finnan atoke, Traoré avae tena. Akamwingiza Dietmar Hamann akae mbele ya mabeki watatu amkabe Kaká, ili Gerrard apande juu. Dakika ya 54 Gerrard kwa kichwa, ya 56 Smicer, ya 60 Xabi Alonso baada ya penalti yake kuokolewa. Dakika 6, mabao 3. Dudek akamaliza kazi kwenye mikwaju ya penalti.

Wengi husimulia usiku ule kama muujiza wa moyo na nyimbo za mashabiki. Moyo ulikuwepo. Lakini bila Hamann kuziba lile pengo katikati, Kaká angeendelea kupita na matokeo yangekuwa 5-0. Nawasihi makocha wapya watafute mechi ile wakaitazame nzima, waangalie dakika ya 40 na kisha dakika ya 50, wasimamishe picha, wahesabu watu katikati ya uwanja. Hakuna somo la mapumziko linaloizidi.

Emery anayo ya kwake, ila watu hawaisimulii. Basel, Mei 2016, fainali ya Ligi ya Europa, Sevilla dhidi ya Liverpool ya Klopp. Sturridge amefunga, mapumziko Sevilla wako nyuma 1-0. Kipindi cha pili kimeanza, sekunde 17 tu, Gameiro anasawazisha. Coke anaongeza mawili, 3-1. Lilikuwa kombe lake la tatu mfululizo la michuano hiyo, baada ya kuishinda Benfica kwa penalti 2014 na Dnipro 3-2 mwaka 2015. La nne alilipata na Villarreal mwaka 2021 huko Gdańsk, mbele ya Manchester United, kwa penalti 11-10, De Gea akikosa ya mwisho.

Ushindi wa Emery hutengenezwa wiki nzima kabla. Ni mtu wa video. Joaquín, winga wake pale Valencia, alisema kocha huyo alikuwa anawaonyesha video nyingi mpaka bisi zikamwishia. Matunda yake ni kama ukuta wa Villa unaopanda juu mpaka unatisha, mabeki wanne wakisogea kama mtu mmoja, washambuliaji wakinaswa kwenye mtego wa kuotea mechi baada ya mechi. Hilo huwezi kulipanga kwa dakika 15. Na likikosewa linaadhibu.

Naye usiku wake mbaya anao. Machi 8, 2017, PSG yake ilikwenda Camp Nou kwa Barcelona ikiwa na ushindi wa 4-0 wa mechi ya kwanza, ikafungwa 6-1, mabao matatu yakiingia kuanzia dakika ya 88. Timu ilirudi nyuma ikaganda langoni mwake na benchi halikuweza kuiamsha. Ningependa kujua Benítez angemwingiza nani dakika ya 70.

Lugha, na kupendwa

Moscow ilimfundisha Emery kwa uchungu. Alikwenda Spartak katikati ya 2012, akaondolewa Novemba, baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa mahasimu Dynamo. Mtu anayeishi kwa maelezo marefu akategemea mkalimani, hebu fikiria. Arsenal alizungumza Kiingereza mwenyewe, kibovu, na vyombo vya habari vikafanya "good evening" yake kuwa kichekesho cha msimu. Ilikuwa aibu kwa waliocheka. Mtu anayejitahidi kwa lugha ya wenyeji wake anastahili subira, na sisi ambao makocha wetu huvuka mipaka kila mwaka tunalijua hilo.

Benítez alijua kukaa na watu. Alipoondoka Liverpool mwaka 2010 alitoa pauni 96,000 kwa familia za mashabiki wa Liverpool waliokufa kwa msongamano uwanjani Hillsborough mwaka 1989, pauni 1,000 kwa kila mmoja wa watu 96 waliokuwa wamehesabiwa wakati huo. Newcastle aliichukua Machi 2016 ikazama naye, na katika mechi ya mwisho, tayari wameshuka, wakaifunga Tottenham 5-1 huku uwanja mzima ukimwimbia asiondoke. Akabaki. Mtu aliyekuwa kocha wa Real Madrid Januari ya mwaka huohuo alikubali kucheza daraja la pili la Uingereza, akalichukua kwa pointi 94. Hapo ndipo nampenda Benítez kuliko mahali pengine popote.

(Kuna njia ya tatu, ya Roberto Martínez, aliyefika Wigan kama mchezaji mwaka 1995 na kuanzia ukocha hukohuko nje, Swansea. Alichukua Kombe la FA na Wigan 2013 na kushuka daraja siku tatu baadaye, akaipeleka Ubelgiji nafasi ya tatu duniani 2018, akachukua Ligi ya Mataifa na Ureno 2025. Ni njia nzuri, ila inakuhitaji uhamie nchi ya watu ukiwa kijana na ukubali kuwa wao.)

Waliporudi, na wasiporudi

Jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha ni hili. Kila mara Emery alipofukuzwa nje, alirudi Hispania. Kutoka Moscow alikwenda Sevilla. Kutoka Arsenal alikwenda Villarreal, klabu ya mji mdogo wa watu kama 50,000. Hakuona haya. Alirudi kwenye lugha yake, akafundisha kwa maneno yake yote, akashinda, ndipo akatoka tena akiwa na nguvu ya kuweka masharti. Aston Villa walimlipia ili waondoke naye Villarreal. Hakuwa mtu anayetafuta kazi.

Benítez hakurudi kupona. Liverpool, Inter, Chelsea ambako alishinda Ligi ya Europa 2013 huku mashabiki wakimzomea miezi yote, Napoli na Kombe la Italia. Aliporudi nyumbani ilikuwa Real Madrid, 2015, mahali pasipo na nafasi ya kupumua, na haikufika miezi minane. Baada ya Newcastle akaenda Dalian ya China, kisha Everton, mahasimu wa klabu iliyompenda, kosa ambalo hata mtoto wa Liverpool angemwonya. Celta Vigo ya Hispania walimwacha Machi 2024. Oktoba 2025 akachukua Panathinaikos ya Ugiriki, akiwa na miaka 65. Kiu ile ya kufundisha ni ya kuheshimiwa.

Kwetu kocha akirudi nyumbani baada ya kukosa bahati nje, watu husema ameshindwa. Na kocha mgeni naye tunampa muda wa kupepesa macho: Pablo Franco, Mhispania pia, alifika Simba Novemba 2021 na aliondoka Mei 2022, ingawa timu ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Miezi sita na ushee. Ukitaka kudumu katika kazi ya namna hii ni lazima uwe na mahali pa kurudi.

Umchague nani

Kama umepewa timu katikati ya msimu, wachezaji si wako, dirisha la usajili limefungwa na kuna mechi Jumamosi, chukua Benítez. Soma anavyokaza katikati, anavyozungusha kikosi (Liverpool alipitisha mechi 99 mfululizo bila kurudia kikosi kilekile), anavyobadili mchezo mapumziko. Hayo hayahitaji fedha.

Kama una vijana utakaokuwa nao misimu miwili au mitatu, chukua Emery, na uanze na mstari wa mabeki. Simu moja ya kurekodi mazoezi inatosha kuanzia.

Na kama swali lako ni la maisha ya kazi yenyewe, wapi uende, uongee lini, ukubali nini, mimi nimeshamchagua Emery. Nimefika hapo polepole na kwa kusitasita, kwa sababu moyo wangu uko Istanbul. Ila mkataba unaokuja nitauliza kwanza nani anasajili, nitaulizia ofisini, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kusaini. Viatu pia nitaviulizia.